Dada Kimea, Mpishi Aliyesubiri Jibu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja kusimama nasi, na kabla hatujamsindikiza mpendwa wetu familia imeomba yasomwe machache juu ya maisha yake, na tuliposema machache tulimaanisha machache, maana marehemu mwenyewe alikuwa akirudi kutoka mazishini, anavua viatu, anakaa, kisha analalamika kwamba historia ilikuwa ndefu na kwamba huyo mtu aliyesifiwa yeye hakuwahi kukutana naye.

Kwa hiyo hatutasema kwamba marehemu alipenda watu wote, kwa sababu hakuwapenda wote, na wengi wenu mliopo hapa mnajijua mlikuwa upande gani, wala hatutasema kwamba hakuwahi kugombana na mtu, kwa sababu aligombana na ndugu yake wa pekee kwa karibu miaka ishirini na sita, chini ya paa moja, na kijiji kizima kilikuwa shahidi na mara nyingine mshangiliaji.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Dada Kimea, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, katika chumba cha nyuma cha kilabu cha familia, mahali pale pale ambapo baadaye palikuja kuwekwa pipa kubwa la tatu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili, wa pili akiwa mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1962, ambaye amekaa hapa mbele, na ambaye tangu utotoni anaitwa Pua kwa sababu ambayo tutaifikia.

Kilabu hicho kilianzishwa na bibi na babu wa marehemu, bibi akipika na babu akikaa mbele na kuongea, na katika familia ilisemwa kila mara kwamba babu ndiye aliyefanya kazi ngumu zaidi, lakini aliyesema hivyo alikuwa babu. Jengo lenyewe mnalijua, vyumba viwili chini ya bati moja, nyuma chumba cha mapipa chenye jiko, tanki la maji na sakafu ya kuoteshea nafaka, mbele ukumbi wenye mabenchi na kaunta, na katikati ukuta wenye dirisha dogo la kupitishia pombe, dogo kiasi kwamba mtu akitaka kusalimiana na wa upande wa pili inambidi ainame, na bibi alilifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu hakutaka walevi wamwangalie akifanya kazi.

Bibi huyo ndiye aliyeweka utaratibu ambao nyumba hii iliufuata kuliko ilivyofuata sheria za serikali, kwamba pombe haivuki lile dirisha mpaka mtu ambaye hakuipika aionje na kutamka neno moja kati ya mawili, inakwenda, au ingoje, na kwamba mpishi haruhusiwi kuonja pombe yake ikishachachuka, wala kubishana na mwonjaji, akubali na anyamaze. Sababu yake aliieleza kwa kila aliyemuuliza, kwamba amewaona wapishi wengi walioipenda pombe yao kama mtoto wa kumzaa, na hakuna mtu duniani aliyewahi kumshawishi mama kwamba mwanawe ana meno yaliyopinda. Babu alionja hadi alipofariki, akaonja baba, kisha ikaja zamu ya Pua.

Kwa upande wa elimu, marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1966 katika shule ya msingi ya kijijini, ambako alikuwa hodari wa hesabu na jiografia, na ambako alipata jina lake, kwa sababu nguo zake zilinukia nafaka iliyooteshwa, na wenzake walikuwa wakimvizia getini asubuhi na kumuuliza, "We Kimea, umeshaota?", naye, badala ya kulia kama walivyotarajia, akawajibu kwamba ameota na wao bado wamo guniani, na tangu siku hiyo jina likawa lake, alilivaa mwenyewe kabla hawajamvisha. Alihitimu darasa la saba mwaka 1972 na kufaulu kwenda sekondari, lakini mwaka huo mikono ya bibi ilianza kutetemeka, akawa hawezi tena kuinua kata kubwa ya kuchotea, na baba akasema binti atakwenda sekondari mwaka ujao, na mwaka uliofuata akasema hivyo hivyo, na mwaka wa tatu hakuna aliyelitaja tena jambo hilo, hata marehemu mwenyewe, ingawa sare iliyoshonwa ilikaa juu ya kabati hadi alipoikata vipande vya kuchujia.

Alianza kazi rasmi mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, na hakuiacha hadi mapafu yake yalipomwachisha. Wale mliokuwa mkipokea pombe dirishani mkidhani inatoka ukutani, kazi ilikuwa hivi, nafaka inaloweshwa, inatandazwa sakafuni chini ya magunia mabichi, inageuzwa kwa miguu mitupu ili isichomeke kwa joto lake yenyewe, na ikishatoa mche mfupi kama ukucha wa mtoto inaanikwa, inasagwa, inapikwa kwa moto wa kuni katika sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, inachujwa, inapoozwa, inatiwa chachu ya pombe iliyotangulia, kisha inaingia katika pipa na kuachwa ifanye shughuli zake. Na kwa kuwa hakuruhusiwa kuonja, marehemu alijifunza kusikiliza, akawa anaweka sikio kwenye ubao wa pipa, kwa sababu pombe ikiwa bado kazini huongea, inachemka kwa chini chini kama watu wanaosengenya chumba cha pili, na ikiiva inanyamaza. Kimya hicho alikijua, akaacha kuweka mkono, akaacha kuangalia povu, sikio likamtosha.

Lakini sifa zilikwenda kwingine. Mdogo wake alikuwa na pua ambayo baba aliigundua mapema, alikuwa akifungwa kitambaa machoni na kupewa vikombe, anasema hiki ni cha pipa la mlangoni, hiki ni cha pipa la ukutani, na hiki mmenichanganyia, na wateja walikuwa wakiwekeana dau la soda na kupoteza. Alipokua na kuwa mwonjaji wa nyumba, akionja hadharani, kikombe mkononi, macho amefumba, ukumbi mzima ukinyamaza kama kanisani, ikawa watu wakinywa pombe nzuri wanasema Pua leo ametoa kitu, kana kwamba kitu hicho kilimtoka puani, na nyuma ya ukuta marehemu aliyasikia hayo yote, akiwa ameshika kata, na hakusema kitu, na huko kutosema kitu, kama mtakavyoona, hakukuwa upole.

Tarehe 20 Agosti 1983 marehemu alifunga ndoa na fundi wa mapipa, ambaye yupo hapa na anaomba radhi kwa kutoweza kusimama kuwasalimia, goti. Alikuja kurekebisha ubao mmoja wa pipa moja, na baada ya hapo ikawa kila wiki pipa jingine linavuja, mpaka baba akasema ama mapipa yake yamepatwa na ugonjwa au mgonjwa ni fundi, na fundi akakiri kwamba ni fundi. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1986, na marehemu aliapa siku hiyo hiyo kwamba huyu hatakatiwa sare yake iwe kitambaa cha kuchujia.

Baba alifariki Oktoba 1991, na kabla ya kufariki aligawa mali kwa busara ambayo wote tuliisifu wakati ule, akampa marehemu chumba cha nyuma, jiko na mapipa, akampa Pua ukumbi, kaunta na kibao cha nje, akasema amefanya hivyo ili mmoja asiweze kula bila mwenzake. Mzee alidhani amewafunga pamoja, kumbe amewapa kamba moja na kila mtu upande wake wa kuvuta. Hata hivyo kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda vizuri, pombe ilivuka dirisha, watu walitoka vijiji vya jirani kuja kunywa, na ndugu hao wawili walitaniana ukutani mchana kutwa, marehemu akimwita mdogo wake bwana mkubwa wa kukaa, naye Pua akimwita mama moshi.

Tunafika mwaka 1998, na hapa familia ilijadiliana kama jambo hili lisomwe au lirukwe, na aliyeomba lisomwe ni yule ambaye lingemfaa zaidi lirukwe.

Mwaka huo, tarehe 12 Septemba, lilifunguliwa daraja, na kilabu chetu kiliombwa kutoa pombe kwa wageni wote, wahandisi, viongozi na wanakijiji, na ilijulikana kwamba mkandarasi, akiridhika, angechukua pombe yetu kwa kambi zake zote za barabara. Marehemu alipika pombe nyingi kuliko alivyowahi kupika, na usiku ulikuwa wa baridi wiki hiyo, pombe ikachelewa. Asubuhi ya siku ya ufunguzi aliweka sikio pipani akasikia bado inaongea, tena kwa sauti. Akachota kikombe kwa utaratibu, akakipitisha dirishani, akangoja asikie ingoje, ili waende kwa mkandarasi wakaombe pombe iletwe kesho yake. Pua alikuwa na mafua mabaya wiki nzima, mafua ambayo alimficha kila mtu kwa kukoholea chooni, akafumba macho, akanywa, akasema inakwenda.

Marehemu aliinama akamtazama kupitia dirisha dogo. Alijua kwamba siyo kweli. Alikuwa na muda wa kusema, na hakusema, na sababu aliyoitoa kwanza, kwa mumewe jioni ile, ilikuwa kwamba utaratibu wa bibi unamkataza mpishi kubishana.

Yaliyotokea darajani wengi wenu mliyaona, na wengine mliyahisi zaidi kuliko kuyaona, maana pombe ambayo haijamaliza kuchachuka humalizia tumboni, na kufikia saa nane mchana foleni ya kwenda vichakani ilikuwa ndefu kuliko ya kuvuka daraja, mhandisi mkuu akakatisha hotuba katikati ya sentensi na hakurudi kuimalizia, na mkandarasi akapeleka biashara yake mahali pengine. Jioni, ukumbi ukiwa umejaa watu wanaocheka na wanaolaumu, mtu mmoja akamuuliza Pua imekuwaje, na Pua, ambaye angeweza kusema nilikuwa na mafua, akasema maneno ambayo kijiji hiki kimeyarudia tangu siku hiyo, kwamba yeye anaonja anacholetewa, na kwamba mikono ya dada imechoka.

Marehemu alikuwa upande wa pili wa ukuta, akiosha mapipa. Hakutoka nje kujitetea. Alilifunga dirisha, na ndugu hao hawakusemeshana tena hadi mwaka huu.

Lililofuata lilikuwa la kuchekesha kwa watu wasiohusika. Pua alinunua friji akaanza kuuza bia za chupa za kiwandani, marehemu akafungua mlango wa nyuma akauza pombe yake kwa wenye madumu, na mteja mmoja akawa anakaa mbele na chupa mkononi ili asimuudhi kaka, kisha anazunguka nyuma na dumu kwa dada, na wako watu hapa waliofanya hivyo kila Jumamosi na kuita hali hiyo amani. Bati lilipotoboka juu ya ukuta wa katikati, kila mmoja akasema tundu liko upande wa mwenzake, mvua ikawanyeshea wote wawili kwa haki, mpaka shemeji mtu, yaani fundi wa mapipa, alipopanda kuliziba siku ambayo wote walikuwa wamekwenda msibani, kila mmoja kwa njia yake.

Na bado marehemu aliendelea na utaratibu. Kila pombe ilipoiva, alifungua dirisha, akaweka kikombe cha kwanza juu ya kizingiti chake, akalifunga, na kila mara kikombe kilikaa pale mpaka povu likaisha na nzi wakaingia. Pua hakukigusa hata mara moja. Mume wa marehemu, ambaye hajawahi kukipita kinywaji kilichokosa mwenyewe, ndiye aliyekuwa akikichukua, akakinywa, akamwambia mkewe kwamba ni nzuri, nzuri sana, lakini huyu ni mtu ambaye hata dawa ya kikohozi huisifu, na marehemu alikuwa akimjibu, "Wewe umenioa, huhesabiki."

Hili ndilo tunaloomba mlielewe, maana watu wa nje hawakulielewa, na baadhi yetu wa ndani tulichelewa. Marehemu hakuwa akingoja kuombwa radhi. Radhi angeipokea shingo upande na kuiweka kabatini. Alichongoja ni jibu. Alikuwa mtu aliyeambiwa hadharani kwamba mikono yake imechoka, na aliyeamini, kwa malezi ya bibi yake, kwamba mpishi hawezi kujihukumu mwenyewe, kwa hiyo kwa zaidi ya robo karne alipika pombe bila kujua kama ni nzuri. Wateja wa madumu walikuja, lakini alisema ilikuwa rahisi kuliko ya chupa, ndiyo maana walikuja. Alijikaza kisabuni, akapika, akaweka kikombe, akafunga dirisha.

Mwaka 2009 binti yake, baada ya kumaliza chuo kikuu na kusoma vitabuni namna nafaka inavyogeuka kuwa pombe, alirudi nyumbani akaomba afundishwe kazi ya mikono, si kwa kukosa ajira, ajira alikuwa nayo, bali kwa kuwa hakutaka kazi ile iishie pale, na kila mtu alitarajia marehemu afurahi. Alikataa. Binti alidhani ni lile suala la sare, akamwambia mama, nimeshasoma, hiyo nadhiri imetimia. Marehemu alikuwa akigeuza nafaka kwa miguu, akaendelea kugeuza mpaka alipofika ukutani, ndipo akasema, "Mwanangu, siwezi kukufundisha kitu ambacho sina hakika kama nakijua." Binti aliomba tena mwaka uliofuata na baada ya hapo, na jibu halikubadilika.

Kuhusu ugonjwa, kabla wengine hamjaanza kunong'ona, hapana, haikuwa pombe, marehemu katika maisha yake yote alikunywa pombe kidogo kuliko wengi wenu mlivyokunywa jana mkimlilia. Ulikuwa moshi. Alianza kukohoa mwaka 2021, akasema ni vumbi, akasema ni hali ya hewa, akasema ni mume wake, na alipopelekwa kwa daktari akaambiwa mapafu yake ni ya mtu aliyepika kwa kuni miaka hamsini, akajibu kwamba hilo angeweza kumwambia daktari bila kulipia picha. Alikatazwa kukaribia moto, hakusikia, na akapika mara ya mwisho Januari mwaka huu, akiwa amekaa kwenye kiti na mumewe akichochea. Tarehe 6 Mei 2024 alilazwa hospitalini, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango, akitumia mashine ya hewa.

Pua alikuja siku ya Jumapili, tarehe 2 Juni. Hakuna aliyemwita. Alisimama mlangoni kofia mkononi mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamuuliza kama anauza kitu. Akaingia, akaketi, na ndugu wawili ambao hawakuwa wamesemeshana tangu daraja lilipofunguliwa wakaanza kuzungumza juu ya chakula cha hospitali, na kwamba hakina chumvi, na marehemu akamuuliza yeye anajuaje wakati hajakionja, na hapo Pua akainamisha kichwa.

"Dada, hata nikionja, sijui," akasema. "Yale mafua yalipoondoka yaliondoka na pua. Tangu siku ile sijasikia ladha ya kitu. Chai, nyama, sabuni, kwangu yote ni maji."

 Marehemu akamuuliza, na vile vikombe. Pua akasema vile vikombe alivitazama, vyote, na kila mara alitamani, lakini alikuwa ameshasema inakwenda mara moja bila kujua, akaona watu wakiumwa matumbo, na hakuweza kusema tena, wala hakuweza kueleza kwa nini, kwa sababu mtu anayeitwa Pua akipoteza pua, atakuwa nani. Ndiyo maana akaleta bia za chupa, hizo hazihitaji mwonjaji. Akasema lile neno la mikono lilimtoka kwa hofu, na lilipokwisha kutoka likawa limekwenda mbali, hakuweza kulikimbiza.

Waliokuwepo walitarajia marehemu akasirike, na alikuwa na haki. Alicheka. Alicheka mpaka mashine ikapiga kelele na nesi akaja mbio, na aliposhusha pumzi akasema, "Mjinga wewe. Na mimi mjinga. Nililisikia pipa bado linaongea, nikanyamaza, nikasema ngoja leo bwana Pua akosee mbele za watu." Ilikuwa mara ya kwanza kwa marehemu kuitaja sababu ya pili, ile ya kweli, ambayo hata mumewe hakuwa ameisikia.

Baada ya hapo Pua alikuja kila siku. Walizungumza mambo ya kurekebisha jengo, kuondoa friji, na marehemu akawa na wazo kwamba kama pua imekufa masikio bado yapo, akitoka hospitali atamfundisha mdogo wake kusikiliza mapipa, na siku moja alimwekea kichwa ubavuni mwa mashine ya hewa na kumwambia asikilize, pombe changa huanza hivi. Alimtumia pia binti yake ujumbe, kwamba achukue likizo, waanze na nafaka kidogo, atamwonyesha. Hakuwa na muda huo. Hali ilibadilika ghafla, na marehemu alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 18 Juni 2024, alfajiri, mume wake akiwa ameshika mkono mmoja na binti yake mwingine, likizo ikiwa imeshaidhinishwa. Ameacha mume, binti mmoja, mdogo wake wa kiume, na mapipa manane yaliyo matupu.

Mdogo wake ameiomba familia isome maneno haya kama alivyoyatoa, kwa kuwa alijua yeye mwenyewe hatafika mwisho: kwamba pombe ya daraja aliionja mtu aliyekuwa hasikii ladha na akaficha, kwamba mikono ya dada yake haikuchoka siku ile wala siku nyingine, na kwamba yeyote atakayerudia neno lile la mikono, baada ya leo, analirudia kwa uongo wake mwenyewe, si wa Pua. Tumeyasoma. Ni maneno mazuri, na mtu aliyestahili kuyasikia amelala hapa na hayasikii, na familia haitajifanya kwamba kuyasoma leo ni sawa na kuyasema mwaka 1998.

Pombe ile sasa haipo. Tunalisema wazi kwa sababu wengine mmeshaanza kuuliza kwa adabu ni nani ataendelea. Hakuna. Bibi alimfundisha marehemu, marehemu hakumfundisha mtu, na vitabu vya binti yake vinaeleza pombe kwa jumla, havielezi hii. Imekwisha kwa mafua ya mtu mmoja na kiburi cha wawili, na kwa sababu nyingine moja ambayo inatuhusu sote, kwamba nyinyi wa madumu, mliokunywa kwa miaka yote hiyo, mlioacha bia baridi mbele mkazunguka nyuma kwenye tope, jana usiku tumewauliza mmoja mmoja kwa nini mlikuwa mnazunguka, na kila mmoja amejibu bila kufikiri kwamba hakuna pombe kama ile, na tulipouliza kama mliwahi kumwambia, mkatazamana. Mlidhani anajua. Sisi pia tulidhani anajua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa nesi aliyekuja mbio siku ile ya kicheko na kukubali kutoandika sababu, inawashukuru majirani kwa maji, viti na turubai, wafanyakazi wenzake na binti wa marehemu kwa kuchukua zamu zake, mafundi waliomsaidia mume wake kutengeneza sanduku hili, ambalo limekaza vizuri kuliko pipa lolote alilokuja kulirekebisha alipokuwa akichumbia, na inawashukuru wateja wote, wa mbele na wa nyuma. Tuliyemsahau atusamehe, tumechoka.

Dada, mke, mama, mpishi, ulingoja mtu mmoja akujibu na hakuweza, na sisi tulioweza hatukukumbuka, basi lipokee kutoka kwetu tuliosimama hapa, wengi na tuliochelewa: ilikuwa nzuri, kila pipa, ilikuwa nzuri. Lala sasa, mama, upumzike.